Leithi ya kwanza ya karakana yako: mkongwe wa Uingereza, mpya ya China, ya mikanda ya India au ile ya mezani?

Haupiti mwezi bila kijana kuja karakanani kwangu hapa Mwanza na swali lile lile: "Fundi, nimejikusanya, nataka kufungua ofisi yangu. Ninunue mashine gani?" Kabla sijafungua mdomo ameshatoa simu. Picha ni ya leithi, yaani mashine ya kukereza chuma, iliyopakwa rangi ya kijani mpaka inang'aa, chini yake bei, na neno "safi kabisa". Namuuliza: utachonga nini? Hapo kimya kinaingia.

Kwangu kazi inayoingia mlangoni ni hii: shafti ya propela imeliwa na bushi, pulei ya mashine ya kusaga imepanuka tundu, shafti ya karasha (mashine ya kuponda mawe) imeletwa kutoka Geita ikiwa imekatikia kwenye mfereji wa kabari, bushi za springi za Fuso, dramu za breki, mabomba yanayotaka kukatwa hesi, yaani nyuzi za kufungia. Kuchonga kitu kipya kutoka kwenye chuma kitupu ni mara chache. Mara nyingi unajaza kwa kuchomelea, halafu unakereza upya mpaka kipimo kirudi. Basi ulinganisho huu ni wa macho ya mtu wa ukarabati. Anayetengeneza vipande mia tano vinavyofanana, au fundi bunduki mwenye leseni ambaye lazima mtutu mzima upite ndani ya spindo (mhimili wenye tundu unaozungusha kazi), atazipanga mashine hizi vingine, ingawa ukaguzi na usimikaji atafanya ule ule.

Namba zinazodanganya

Muuzaji akikwambia "hii ni ya inchi sita", muulize inchi sita za nini. Waingereza walizoea kutaja kimo cha senta, ile ncha inayoshika kazi katikati yake, kutoka kitandani, yaani kwenye reli za chini za mashine. Wamarekani hutaja kipenyo chote kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda. Kwa hiyo inchi 6 za Mwingereza ni inchi 12 za Mmarekani, na mashine ni hiyo hiyo moja.

Za India huuzwa kwa futi, na futi hizo ni za kitanda kizima, pamoja na mahali kichwa (kinachozungusha kazi) na mkia (unaoishika upande wa pili) vilipokalia. "Futi sita" ni kama milimita 1,830 za chuma cha kitanda, lakini kipande utakachokifunga kati ya senta na senta ni cha karibu mita moja tu. Nimemwona mtu amelipia futi sita akiwa na shafti ya mita moja na nusu kichwani. Alirudi nyumbani na mashine nzuri isiyoweza kazi yake.

Mchina ameandika karibu kila kitu kwenye jina, ukijua kulisoma. Chukua CA6140: C ni leithi, 6 ni kundi la leithi za kulala, 1 ni ya kitanda cha kawaida, na 40 ukizidisha kwa kumi unapata milimita 400 za kipenyo juu ya kitanda. Ukiona 62 badala ya 61, kama CA6240, hiyo ina pengo mbele ya chaki, yaani kipande cha kitanda kinafunguliwa ili kitu kipana kizunguke. (Chaki ninayosema ni ile ya taya zinazobana kazi, siyo ya ubaoni.) Viwanda vingine haviifuati kanuni hiyo, kwa hivyo inama uangalie kwa macho kama kipande hicho kinafunguka.

Kwenye Colchester za Uingereza za baadaye, namba iliyofuata jina haihusiani na ukubwa. Student 1800, Triumph 2000 na Mascot 1600 zimetajiwa kasi yao ya juu, mizunguko kwa dakika.

Namba inayosahaulika kuliko zote ni kipenyo juu ya gari la kisu, lile linalobeba kisu likitembea juu ya kitanda. CA6140 inazungusha milimita 400 juu ya kitanda, lakini juu ya gari ni 210 tu. Pulei ya milimita 300 itazunguka bila shida, ila gari halipiti chini yake, na kisu itabidi kitokeze nje kama mkono wa mtu anayechuma embe la jirani. Kisu kikitokeza hivyo kinatetemeka, na chuma kinatoka na mawimbi.

Hizi hapa tatu ambazo vipimo vyake havibishaniwi sana. Ya India sijaiweka kwa sababu kila kiwanda kina chake. Huko ni kufunua utepe na kupima mwenyewe.

| | Harrison M300 (Uingereza) | CA6140 | Ya mezani, 7x14 |
|---|---|---|---|
| Kipenyo juu ya kitanda | mm 330 | mm 400 | mm 180 |
| Tundu la spindo | mm 38 | mm 52 | mm 20 |
| Mizunguko kwa dakika | 40 hadi 2,500 | 10 hadi 1,400 | hadi 2,500 |
| Mota | kW 2.2 | kW 7.5 | kama kW 0.55 |
| Uzito | huibebi bila kreni | kama tani 2 | kama kilo 40 |

Tundu la spindo linastahili maneno yake. Mvuvi akikuletea shafti ya propela ya milimita 35, mita mbili, na kazi iko kwenye ncha tu, unaipitisha ndani ya spindo, unaishika kwa chaki karibu na ncha, unamaliza. Kwenye M300 inapita kwa kubanana. Kwenye ya mezani haipiti kabisa. Jambo moja tu: usiache mita moja na nusu ikining'inia nyuma ya kichwa bila kushikwa. Ukipandisha kasi, chuma hicho kinapinda na kuanza kuchapa kama fimbo, na kinaweza kuua mtu. Kijana wangu haruhusiwi kuwasha kabla ya kusimamisha stendi yenye bushi ya mbao kule nyuma.

Mkongwe wa Uingereza

Colchester ilianzishwa mwaka 1887 katika mji wenye jina hilo, Essex. Harrison ilikuwa Heckmondwike, Yorkshire, na baadaye zote mbili zikawa chini ya kampuni moja, 600 Group. Nyingi zinazotufikia zimestaafu kutoka vyuo na karakana za huko, zikaingia kwenye kontena. Za vyuoni nazipenda. Wanafunzi wamezigonga, wamezikwaruza, wamekata kwa bahati mbaya hadi kwenye gari la kisu, lakini hazikupigishwa zamu tatu kwa siku kama za kiwandani.

Unachonunua hapo ni ugumu wa chuma na usahihi wa mkono uliomaliza kazi. Kisu kikizama, mashine haiyumbi. Nyingi zina chaki ya kufunga kwa kamu, ile aina ya D1-4, kwa hiyo unaweza kurudisha nyuma mzunguko bila hofu ya chaki kujifungua.

Kasoro ya kwanza ni inchi. Skrubu ndefu inayovuta gari mara nyingi ni ya inchi, na boliti zetu siku hizi ni za milimita. Ili kukata hesi ya milimita kwa usahihi kwenye skrubu ya inchi unahitaji gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara tano ni 127. Baadhi ya mashine hizi zina kisanduku cha gia kinachofanya yote mawili. Zisizo nacho zilikuja na gia za kubadilisha ndani ya boksi, na boksi hilo ndilo hupotea njiani. Ukiuziwa bila boksi, bei ishuke. Ukikata kwa gia hiyo ya 127, usifungue nati ya skrubu mpaka umalize; unarudisha kwa kugeuza mota, la sivyo hesi ya pili itapita pembeni ya ya kwanza. Kwa upande mwingine, mabomba bado yanaongea kwa inchi: nusu inchi ni nyuzi 14 kwa inchi, inchi moja ni 11, na pembe yake ni digrii 55, siyo 60. Ukiwa na kazi nyingi za mabomba ya visima, mkongwe wa inchi anakufaa kuliko unavyofikiri.

Kasoro ya pili ni uchovu, na hapa nina kovu. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hii. Rangi mpya, mota inaunguruma vizuri, muuzaji kaniwekea kipande cha chuma, kikatoka kinang'aa. Nikalipa. Kazi ya tatu ilikuwa shafti ya mashine ya kusaga, kiti cha beringi milimita 35. Kiti kinachotakiwa kukaza kidogo kina nafasi ndogo sana: kati ya mikroni (elfu za milimita) 2 na 18 juu ya 35. Nilipima mwisho mmoja, kipimo kikawa sawasawa, nikaifunga. Beringi iliingia kwa kidole mwanzoni, ikakwama katikati. Nikaigonga kwa bomba, ikaingia. Wiki mbili baadaye mwenye mashine akarudi na beringi mkononi, imeungua rangi ya samawati. Ndipo nikachukua maikromita, nikapima kila sentimita mbili: ndani ya milimita 120, upande wa chaki ulikuwa mnene kwa mikroni 40. Kitanda kimeliwa pale mbele ya chaki, mahali ambapo kila fundi kwa miaka arobaini alifanya kazi zake fupi. Gari likifika pale linazama, kisu kinarudi nyuma.

Tangu siku hiyo rangi siiangalii. Napitisha ukucha juu ya reli za kitanda karibu na chaki, nikitafuta ngazi kati ya chuma kilichosuguliwa na kile ambacho gari halijawahi kukigusa. Ukucha ukikwama, kuna jambo. Kisha nalikaza gari kidogo kwa boliti yake ya kufungia likiwa karibu na chaki, mpaka linatembea kwa uzito, halafu nalizungusha kuelekea mkiani. Kitanda kizima kitaniruhusu kufika mwisho kwa uzito ule ule. Kilicholiwa kitanikabia katikati, kwa sababu kule kuelekea mkiani reli bado zina unene wake wa asili.

Baada ya kitanda, spindo. Naweka saa ya kupimia juu ya chaki, naingiza ubao imara chini yake, nanyanyua. Sindano ikicheza mikroni 10 au 20 navumilia. Ikifika 50, beringi zimekwisha au zimelegea, na beringi za spindo ni kitu cha kuulizia bei kabla ya kununua, siyo baada. Halafu kila gia, kila kasi, bila kuruka hata moja: jino lililovunjika hulisikia kama mtu anayegonga mlango kwa kidole, mara moja kila mzunguko. Mwisho kabisa ndiyo nawaomba wakate, na chuma nakuja nacho mwenyewe.

Mchina mpya

Watu wanamsema vibaya Mchina bila kutofautisha. Ile CA6140 ni mashine ya kazi, imetengenezwa kwa miaka mingi na imetumika kufundishia mafundi wengi wa China. Tani mbili, kasi 24, tundu la milimita 52, skrubu ya milimita. Inashuka hadi mizunguko 10 kwa dakika, na hilo kwa mtu wa dramu za breki ni zawadi.

Piga hesabu uone. Mizunguko kwa dakika ni 1,000 mara kasi ya kukata kwa mita, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo kwa milimita. Dramu ya chuma cha kumimina ya milimita 400, kwa kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia) cha mita 20 kwa dakika, inataka mizunguko 16. M300 inaanzia 40, kwa hiyo kisu cha HSS kitaungua. Itakulazimu kisu cha kabaidi, kigumu zaidi na kinachovumilia kasi, ambacho kwa mita 60 kinataka kama 48, na bado unahitaji mashine yenye pengo, iwe M300 au CA6240, ili dramu iingie. Geuza sasa. Kibushi cha milimita 12 kwa kabaidi, mita 120 kwa dakika, kinataka zaidi ya mizunguko 3,000. CA6140 inaishia 1,400. Hapo unarudi kwenye HSS, mizunguko kama 800, na kazi inatoka safi. Wengi hununua vidonge vya kabaidi kwa sababu vinauzwa kila duka, wanavitumia kwa kasi ndogo, chuma kinatoka kama kimetafunwa na panya, halafu wanailaumu mashine.

Malalamiko yangu kwa mpya za China ni ya umaliziaji. Nimeshafungua kichwa cha moja iliyokuja na plastiki yake bado, nikakuta chini ya oili mchanga wa kumiminia chuma na vijipande vya kuchongea. Mashine ilikuwa nzima, ila hakuna aliyeiosha. Basi ukinunua mpya, usiiwashe kwa furaha. Mwaga oili ya kichwa, osha kwa dizeli, futa kwa tambara lisiloacha nyuzi, tia oili mpya, itembeze saa chache kwa kasi ndogo, umwage tena. Kaza nyaya zote za kabati la umeme. Vua chaki uisafishe mgongo. Kombo nyingi zinazolaumiwa kwenye spindo ni uchafu uliobanwa nyuma ya chaki.

Kuna na ndugu zake wepesi, wenye herufi Q kama CQ6230, kilo mia chache, mota ndogo. Hizo ni za katikati. Kwa bushi, pini na hesi ni nzuri sana. Kwa shafti ya karasha iliyojazwa kwa kuchomelea, ambapo kisu kinaruka juu ya vinundu vigumu, utaisikia ikilia.

Mhindi wa mikanda

Rajkot, Batala na Ludhiana ni miji ya India yenye karakana chungu nzima zinazotoa leithi za pulei za ngazi na mkanda wa bapa. Hapa simuongelei HMT, ile kampuni ya serikali ya India iliyoanzishwa mwaka 1953. Leithi zake ni daraja lingine, na ukipata yenye kitanda kizima ikague kama ungemkagua Mwingereza.

Ya mikanda ni mashine ya enzi za babu, na ndiyo sifa yake. Kasi ni chache, unabadilisha kwa kuhamisha mkanda kwa mkono. Gia za hesi unazipanga mwenyewe kwa kufuata kibao kilichopigiliwa mlangoni. Kisu kikikwama kwenye chuma, mkanda unateleza na kupiga kelele, lakini hakuna jino linalovunjika. Haichagui mota: ya fezi moja, ya fezi tatu, hata injini ya dizeli ukijua kupanga pulei. Bushi zake nyingi unaweza kuzichonga juu yake yenyewe. Kama ofisi yako itakuwa mbali na mjini, mahali ambapo kipuri hufika na basi la kesho kutwa, hii usiidharau.

Chaki yake kwa kawaida imefungwa kwa hesi kwenye spindo. Ukigeuza mzunguko kinyume chini ya mzigo, chaki inajifungua. Iliwahi kutokea kwa fundi niliyemfanyia kazi nikiwa mwanafunzi. Ilitoka, ikabingirika hadi barabarani, ikasimama kwenye meza ya muuza mihogo. Tulicheka baadaye sana, siyo siku ile.

Usahihi wake ni bahati. Mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kama ndugu wa baba mmoja.

Ile ya mezani

Nitakuwa mfupi. Leithi ndogo ya 7x14 inazungusha milimita 180 juu ya kitanda, kama 350 kati ya senta, ina gia za plastiki na inabebwa na watu wawili. Kwa fundi cherehani za viwandani, fundi wa pampu ndogo, au mtu anayejifunza nyumbani, inafaa. Kwa pulei ya mashine ya kusaga haifai, na hakuna kiraka kitakachoibadilisha. Kasi yake hupunguzwa kwa umeme, na ukiishusha nguvu nayo inashuka, kwa hiyo pale unapotaka kukata kipana polepole ndipo inapozimika. Wanaoinunua kwa ajili ya bei huishia kununua mara mbili.

Umeme, kabla hujalipa

Soma kibao cha mota. Kikiandikwa 230/400, unaweza kuifunga kwa deluta, moja ya namna mbili za kuunganisha nyaya zake, ikakubali volti 230, na hapo inveta inayoingiza fezi moja na kutoa fezi tatu itaiendesha. Mota ya kW 2.2 ya M300 iko ndani ya uwezo wa inveta za namna hiyo zinazopatikana madukani. Kikiandikwa 400/690, au nyaya zinazotoka ni tatu tu kwa sababu nyota (ile namna ya pili) imefungwa ndani, ni kumpelekea fundi wa kusuka mota, au kubadilisha mota. Na kW 7.5 ya CA6140 usiiwazie kwa fezi moja. Hiyo inataka fezi tatu za kweli, na gharama ya kuvutiwa laini iingize kwenye bei ya mashine tangu mwanzo.

Ukifunga inveta, waya uende moja kwa moja kwenye mota. Swichi za zamani za mashine zitumike kuiamrisha inveta tu. Ukiacha kontakta (swichi inayovutwa kwa umeme) katikati ya inveta na mota, ikakatika mashine ikitembea, inveta inaweza kufa hapo hapo. Taa na pampu ya maji ya kupozea zipate njia yao.

Kuisimika

Kichwa ndicho kizito, kwa hiyo mashine inapenda kuanguka. Sogeza gari na mkia hadi mwisho wa kitanda kusawazisha, pitisha mikanda chini ya kitanda chenyewe, na usiruhusu mtu ainyanyue kwa skrubu ndefu. Ndani ya karakana tunatumia mitalimbo na vipande vya bomba chini yake, polepole, na hakuna anayeweka mguu upande inakoweza kuangukia.

Sakafu iwe zege zito lisilo na ufa. Watu wanahangaika sana na pima maji, na kweli ile ya usahihi wa milimita 0.02 kwa mita inarahisisha. Ya fundi mwashi itakufikisha karibu tu. Lakini elewa unatafuta nini. Melini kuna leithi zinazochonga huku meli ikiyumba, kwa hiyo kutolala sawa siyo adui. Adui ni kitanda kujipinda, mguu mmoja ukibeba na mwingine ukining'inia. Ukiweka pima maji kukingama kitanda karibu na kichwa, kisha karibu na mkia, isome sawa pande zote mbili.

Halafu mashine ijieleze yenyewe. Funga kwenye chaki kipande kinene, milimita 50, kitokeze kama 220 bila kushikwa na mkia. Katikati kikate kiwe chembamba, uache kola mbili, moja jirani na chaki, nyingine nchani. Iache mashine itembee nusu saa ipate moto wa kazi. Kisu kikali cha HSS, mkato mwembamba, pitia kola zote mbili bila kugusa mpini wa kina. Pima.

Ya mwisho niliyoisimika ilisoma 49.96 kwenye chaki na 50.01 nchani. Ncha nene maana yake kule mwisho kisu kiko mbali na senta. Dawa ni kunyanyua mguu wa mbele upande wa mkia: gari linalala nyuma kidogo, kisu kinasogea kwenye chuma. Robo ya mzunguko wa boliti, kata tena: 49.90 na 49.93. Robo nyingine, ikawa 49.86 na 49.87. Hapo unasita, unakunywa chai, unakata tena ujiridhishe. Ncha ikiwa nyembamba kuliko chaki, fanya kinyume. Na kama kitanda kimeliwa kama kile changu cha kwanza, mchezo huu utakupa nafuu sehemu moja na kukunyima nyingine, kwa sababu boliti ya mguuni haiwezi kurudisha chuma kilichosuguliwa.

Mkia unafuata baada ya hapo, siyo kabla. Kata chuma kirefu kati ya senta mbili, linganisha ncha, sogeza mkia kwa boliti zake za pembeni.

Kwa hiyo, ipi?

Kwa karakana kama yangu, yenye kazi za kila namna, ningechukua Mwingereza wa kimo cha Student au M300, yenye pengo na boksi lake, iliyopita mtihani wa ukucha na ule wa gari. Isipopatikana, nisingeendelea kungoja: ningechukua CA6240 mpya na kutenga siku tatu za kuiosha, mradi fezi tatu zipo. Mwenye dramu za malori na shafti za karasha kila siku aanze huko huko kwa Mchina na amwache Mwingereza. Aliye mbali na mji, mwenye mashine za kusaga tano za kuhudumia, Mhindi wa mikanda. Na kwa lolote utakalochagua, weka pembeni fedha ya chaki ya taya nne, stendi ya kushikia shafti, maikromita mbili na saa ya kupimia; leithi bila hivyo ni kama jiko bila sufuria.

Ukishaisimika, rudia mtihani wa kola baada ya mwezi. Sakafu mpya hushuka. Yangu ilishuka upande wa mlangoni, mikroni 30 kwa wiki tano, na nisingejua kama mteja mmoja asingechelewa kuja kuchukua shafti yake siku ile nikawa sina cha kufanya ila kupima.